Skrini Ndani ya Kiondo

Kila jioni dada yangu aliilaza skrini nyumbani kwa mama. Kompyuta yenyewe, lile sanduku zito la rangi ya maziwa yaliyolala, aliliacha darasani, kwa sababu alisema mwizi hajui ni la nini. Lakini skrini ilifanana na televisheni, na televisheni kila mtu aliijua. Kwa hiyo jua likianza kushuka aliichomoa, akaifunga kwa shuka la mtoto, akapanda nayo kilima na kuisukuma chini ya kitanda. Asubuhi aliteremka nayo tena na kuichomeka upesi upesi kabla wasichana hawajafika.

Hii ilikuwa Kilungu, katikati ya miaka ya tisini. Soko lilikuwa dogo, pale barabara ya kutoka milimani inapoikuta barabara ya Mombasa. Juu kulikuwa na matuta ya mashamba, maparachichi na machungwa, na asubuhi ukungu ambao ulikuwa haupo kabisa kule nilikokuwa nikiishi. Chini kulikuwa na malori, vumbi, na chumba cha dada kilichopakana na kinu cha kusaga mahindi.

Dada alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Nairobi mpaka walipopunguza wafanyakazi. Ofisi ilipoleta mashine mpya, waliompenda pale walimruhusu achukue kompyuta moja ya zamani pamoja na printa yake. Akarudi nyumbani nazo, pamoja na watoto wake wawili. Akakodi kile chumba, akatafuta taipureta mbili, akaanza kufundisha wasichana wachache. Lakini taipureta hazikuwavuta wazazi tena. Walichotaka kusikia ni kompyuta. Basi akatangaza kanisani kwamba Jumamosi mzazi yeyote mwenye mtoto aliyemaliza shule aje aione kompyuta ikifanya kazi, kisha aamue.

Kila mtu nyumbani alijua maana ya Jumamosi hiyo. Mwenye bucha alikuwa amekitamani kile chumba tangu zamani, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kumsikiliza. Wazazi wasipoandikisha watoto wao, darasa lingefungwa, na dada angerudi Nairobi kutafuta kibarua na kumwachia mama wale watoto. Mdogo alikuwa bado hajaacha kulala akimshika mama yake sikio.

Mimi niliwasili Alhamisi mchana kutoka Tseikuru, ambako nilikuwa nikizunguka vijijini nikimnunulia mfanyabiashara mmoja mbuzi. Nilikuwa bado sijafika miaka thelathini na nilikuwa nimefanya kazi nyingi kuliko nilizoweza kukumbuka, hakuna hata moja niliyodumu nayo mwaka. Nilikuwa nimekusudia kusalimu na kuendelea na safari kuelekea Mtito, mbele zaidi kwenye barabara ya Mombasa.

Dada alikuwa amesimama katikati ya darasa, mikono kiunoni.

"Umefika wakati mzuri," alisema. "Imekufa."

"Nani?"

"Skrini. Jana jioni ilikuwa inaonyesha vizuri. Leo asubuhi, giza."

Wasichana walikuwa kwenye taipureta, wamepunguza kugonga ili wasikie. Dada alibonyeza swichi. Sanduku lilivuma, likapiga mlio mmoja mfupi, kisha likaanza kukwaruza ndani kama panya ndani ya gunia. Kijitaa cha kijani kikawaka chini ya kioo. Baada ya muda kikageuka njano. Kioo kilibaki cheusi, nikaona ndani yake uso wangu na kofia yangu.

"Sanduku liko sawa," alisema. "Lingekuwa gonjwa lingelia mara nyingi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa kinu. Kikianza kusaga, taa zote za soko zilikuwa zikififia, na dada alisema huenda ndicho kilichoitia skrini kisirani. Akaenda kumwomba mwenye kinu akizime. Alikuwa mtu mkubwa, mweupe wa unga kuanzia nyusi hadi viatu, na alikuja mwenyewe kusimama mlangoni.

"Mwalimu, nimezima. Jaribu."

Tukajaribu. Kijani, kisha njano.

"Basi si mimi," akasema, na akarudi kukiwasha kabla hatujamtafutia kosa lingine.

Tulihamisha plagi kwenye soketi nyingine. Tulichomoa waya wa umeme wa printa, ambao ulikuwa wa aina ile ile, tukaipa skrini. Tulizungusha kile kigurudumu kidogo cha kuongeza mwanga mpaka mwisho wa huku, na mwisho wa kule. Mimi nikaipiga kofi ubavuni, jinsi tulivyokuwa tukiipiga redio ya baba.

"Ile ilikuwa ya baba," dada alisema. "Hii usiiguse."

Hapo ndipo nilipotaja Matinyani. Mimi nikisikia tatizo huona barabara, hivyo ndivyo nilivyo mpaka leo. Nilikuwa na rafiki kule Matinyani, karibu na Kitui, tuliyekaa naye dawati moja katika sekondari. Alikuwa fundi wa televisheni na redio.

"Machakos kuna mafundi," dada alisema.

"Machakos wataiweka kwenye foleni. Huyu ataifungua nikiwa nimesimama hapo hapo."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Hilo halihusiani na ufundi wake."

Alicheka kidogo, jambo ambalo lilinipa moyo. Kisha akaitazama skrini kwa muda, na nikajua hesabu aliyokuwa akiipiga. Ikienda inaweza isirudi kabla ya Jumamosi. Ikibaki, itabaki hivyo hivyo.

Asubuhi ya Ijumaa mama ndiye aliyeifungasha. Nilikuwa nimepanga kuibeba begani ndani ya gunia. Mama alikataa hata kunisikiliza. Alitoa kiondo chake kikubwa, kile cha kubebea viazi vitamu, akakitandika shuka na kanga mbili, akaiteremsha skrini ndani kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

"Utaibeba mgongoni, uso wake ukiutazama mgongo wako," aliniagiza. "Ukianguka, anguka na magoti."

"Mama, ukanda wa kichwani ni wa wanawake."

"Wewe si ndiye unayejua nchi nzima? Kuna mahali uliona kichwa cha mwanamume kikivunjika kwa ukanda?"

Basi nikaondoka hivyo, ukanda kwenye paji la uso, shingo imekaza. Ukambani mwanamume mwenye kiondo mgongoni ni kitu cha kutazamwa, na nilitazamwa Machakos, nikatazamwa Kitui. Pale Kitui, nikiwa nasubiri gari la Matinyani, mama mmoja mzee muuza kunde alininyanyukia na kuusogeza ukanda juu kidogo kwa mikono yake mwenyewe.

"Unashuka," alisema. "Utamwangusha mtoto."

"Si mtoto, mama. Ni skrini ya kompyuta."

"Ni nini?"

"Ni kama televisheni."

"Basi hata zaidi," akasema, akarudi kwenye kunde zake.

Rafiki yangu alikuwa ameota upara. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja wa kawaida na mwingine wa waya. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa katikati yake kwa amani ambayo mimi sijawahi kuwa nayo mahali popote.

"Umepotea njia au umeoa?" aliuliza alipoona kiondo.

Nilimweleza, akaifungua skrini hapo hapo. Tulipoondoa ganda la nyuma, kitu cheupe kilimwagika mezani. Alikigusa kwa kidole, akakinusa.

"Hii ni unga. Mnasaga ndani?"

"Kuna kinu jirani."

"Jirani yenu ameshahamia. Humu mnaweza kupika uji wa watu wanne."

Alisafisha kwa brashi ya rangi na unyoya wa jogoo, taratibu, huku akinionya nisisogeze mkono kwenye ile chupa kubwa ya kioo iliyo nyuma ya skrini kwa sababu huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Alirudisha ganda. Akachomeka plagi ya umeme ukutani, na ule waya mwingine, wa kwenda kwenye kompyuta, akauacha ukining'inia ukingoni mwa meza, kwa kuwa hakukuwa na kompyuta pale ya kuuchomeka. Kioo kililia kidogo, kisha kikawaka cheupe pote, kama asubuhi.

"Ni nzima," alisema. "Skrini za namna hii zikiwa hazijafungwa kwa kompyuta huonyesha weupe hivi. Ilikuwa imesongwa na unga tu."

Nililala kwake. Tulizungumza habari za walimu wetu na za wenzetu waliokwenda Mombasa wakanyamaza. Aliniuliza kwa nini sikai mahali, nikamwambia kwamba nikikaa naanza kusikia magari. Alisema yeye pia huyasikia, lakini huwa anaongeza sauti ya redio. Asubuhi nilivaa ukanda wangu na kurudi, na njia nzima nilijiona nimebeba jua.

Nilifika darasani alasiri. Chumba kilikuwa kimejaa. Wazazi walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kanisa, kofia na vitambaa, na wengine walikuwa wamesimama dirishani. Mwenye bucha naye alikuwepo mlangoni, na sidhani ni dhana yangu tu kwamba macho yake yalikuwa juu kwenye boriti, akichagua mahali pa kutundika nyama. Dada alikuwa mbele, amevaa blauzi yake ya ofisini. Aliniona na akaacha kuzungumza katikati ya neno.

"Imepona," nikatangaza, nikiwa bado mlangoni.

Watu wakanipisha. Tukaitoa kiondoni, dada akaichomeka kwa sanduku na kwa umeme, akabonyeza. Sanduku likapiga mlio wake mmoja. Taa ikawa kijani.

Kisha ikawa njano.

Kinu kilikuwa kinasaga upande wa pili wa ukuta. Nilitazama kioo cheusi na kuona benchi lote la mbele ndani yake, wazazi wamekaa kama wanaopigwa picha.

Katika benchi hilo alikuwepo mchuuzi mmoja wa ng'ombe, mzee mwenye koti refu na fimbo, aliyekuwa na watoto wengi kiasi kwamba kila mtu alijua maoni yake yangekuwa na uzito.

"Mwalimu," alisema, "hii ndiyo elimu yenyewe? Giza hata ng'ombe wangu wanalijua."

Watu walicheka. Hawakucheka vibaya, lakini walicheka. Mwanamke mmoja alianza kukusanya leso yake. Nilitaka kueleza kwamba kule Matinyani skrini iliwaka, kwamba niliiona kwa macho yangu, na nilipofungua mdomo dada aliniinulia kiganja kidogo tu, hivi, bila kunitazama.

Akavuta kiti. Badala ya kuikabili skrini, alikaa upande, akiwatazama wazazi, mikono imelala juu ya kibodi.

"Nani ana la kusema?" aliuliza. "Aseme chochote. Nitaandika."

"Utaandika na hauoni?" mchuuzi aliuliza.

"Mzee, chuoni tulifundishwa herufi zikiwa zimefunikwa na kitambaa. Skrini ni ya kuangalia. Kuandika ni vidole."

Alikizima na kukiwasha chombo upya. Mlio mmoja. Akainamisha kichwa kusikiliza ule mkwaruzo wa ndani, ulipokoma akagonga vibonye kadhaa, akasubiri tena. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiifuata mashine kwa masikio: hapa inaamka, hapa imefungua mahali pa kuandikia. Akaitikia kwa kichwa.

Yule mwanamke aliyeikusanya leso alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini, "Basi andika kwamba mimi nimeacha maharagwe jikoni na sijui nani anayaangalia."

Vidole vya dada vilikimbia. Watu walicheka tena, na sasa kicheko kilikuwa cha namna nyingine.

"Na wewe mzee?"

Mchuuzi alijikuna kidevu. "Andika fahali wangu mweusi anauzwa, lakini si kwa mtu wa hapa, kwa sababu watu wa hapa hupunguza bei mpaka mnyama mwenyewe anaona haya."

Aliandika yote. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya printa. Ikiwa kibonye kimoja mwanzoni kilikuwa kimekosea, alikuwa akiandika hewani, na hakukuwa na njia ya kujua mpaka karatasi itoke, mbele ya wote hao. Alimaliza, akabonyeza vitufe vya kuchapa, akaweka mikono magotini.

Hakikutokea kitu. Kisha ile printa, iliyokuwa ya zile zinazogonga karatasi kwa sindano ndogo ndogo, ikajitikisa na kuanza kupiga kelele, huku na kule, huku na kule, na karatasi ikapanda polepole.

Niliikata na kumpa mwenye maharagwe. Naye akampa binti yake aliyekuwa nyuma yake, na binti akaisoma kwa sauti ya shuleni, neno kwa neno, maharagwe na fahali na haya ya mnyama. Alipofika mwisho mchuuzi aliomba karatasi aione mwenyewe. Aliishika mbali na macho kwa muda mrefu.

"Binti yangu atakuja Jumatatu," mwenye maharagwe alimwambia dada. "Hicho kioo kionyeshe au kisionyeshe, hiyo ni juu yenu."

Dada akavuta daftari, akaandika jina la binti.

Mchuuzi alikunja karatasi akaitia ndani ya koti, kisha akanigeukia mimi.

"Kijana. Huko ulikoipeleka hii kitu iliwaka, au ulikuwa unatupa moyo?"

"Iliwaka, mzee. Kweupe."

"Ikiwa peke yake?"

"Peke yake."

"Na hili sanduku limeandika, peke yake."

"Limeandika."

"Basi fahali ni mzima na ng'ombe ni mzima, lakini hamna ndama. Mimi ningeangalia ni nini kinawazuia kukutana."

Benchi zima lilianguka kwa kicheko, na wanawake wakamwambia anyamaze kwa sababu hapo kuna watoto. Lakini mimi na dada tulikuwa tumetazamana. Kati ya sanduku na skrini kulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni ule waya uliokuwa umening'inia ukingoni mwa meza Matinyani bila mtu kuutazama.

Dada aliuchomoa akaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Mwenye bucha ikabidi asogee. Mdomo wa plagi ulikuwa na meno madogo membamba, yamejipanga kwa safu, na katika safu moja jino moja lilikuwa limelala ubavu, limebanwa kwenye ukuta wa plagi. Ilikuwa rahisi kuona likipelekwa kwenye jua. Ndani ya chumba kile, asubuhi za haraka haraka, usingeliona kamwe. Dada alilitazama na nikajua anakumbuka kila jioni na kila asubuhi, kule kuchomoa na kuchomeka, yote kwa ajili ya kuitunza.

"Ni mimi," alisema polepole. "Nimeichosha kwa kuitunza."

"Tafuta kitu chembamba," nilisema.

Mchuuzi alikuwa tayari ameshafungua koti. Kiunoni, pamoja na funguo, alikuwa na kibanio kidogo cha chuma, kile ambacho watu wa mifugo hutembea nacho kwa ajili ya miiba. Dada alikipokea. Nilitaka kukichukua mimi, kisha nikakumbuka ni nani aliyenitoa miiba miguuni utotoni, nikanyamaza.

Alikaa kizingitini, plagi magotini. Jino lile lilikuwa jembamba kama mguu wa mdudu, na likivunjika hakuna fundi Ukambani ambaye angeweza kulirudisha. Alilibana, akalisogeza kidogo, akapumua, akalisogeza tena. Kinu kilinyamaza. Baadaye nilijua mwenye kinu alikuwa amekizima bila kuombwa, na alikuwa amesimama nyuma yangu na unga wake.

"Limesimama," dada alisema.

Akarudi ndani, akaichomeka taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote, akakaza na zile skrubu mbili za pembeni ambazo siku zote alikuwa hazigusi. Taa ilikuwa kijani. Tulisubiri njano. Haikuja. Kioo kililia kidogo, kisha maneno yakatokea, meupe juu ya buluu, maharagwe ya yule mama na fahali mweusi, yote yakiwa pale pale alipoyaandika gizani.

Mwenye maharagwe aliyasoma kwa kuyafuata na kidole, karibu kukigusa kioo.

"Sasa hayo yatakuwa yameungua kweli," akasema, akaondoka mbio.

Kabla watu hawajatawanyika, majina yalikuwa yameandikishwa ya kutosha zamu ya asubuhi na mengine yamebaki. Mchuuzi aliandikisha wasichana wawili na mvulana mmoja, akasema huyo mvulana hafai kwa ng'ombe, labda atafaa kwa kazi ya kivulini. Mwenye bucha alimuuliza mwenye kinu, nikiwa nasikia, kama kuna chumba kingine kitupu sokoni.

Sikwenda Mtito wiki hiyo. Dada alitaka mlango wa chuma na nondo dirishani ili skrini isihamishwe tena, na nikakaa kusaidiana na fundi wa kuchomelea. Kisha nikakaa kwa sababu kulikuwa na viti vya kutengeneza. Nilikuwa nikifanya kazi nje, chini ya dirisha, na ndani nilimsikia akiwafundisha wale wapya, wote wakiwa wamegeuzwa migongo kwa mashine, wakigonga hewani juu ya magoti yao wakati wakisubiri zamu. Ilikuwa kelele ya kupendeza, kelele ya watu wanaotarajia kitu. Magari ya Mombasa yalikuwa yakipita hatua chache kutoka pale, na kuna siku nzima nilisahau kuyasikiliza.

Mwishowe niliondoka, bila shaka. Nilipopita tena baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua, nilimkuta na kompyuta ya pili, na mtoto wake mkubwa akiwa na sare ya shule ya kule juu kilimani. Yule mdogo alikuwa amelala kwenye benchi la nyuma, kelele zote zile zikimpita, umbali ambao mama yake angeweza kumfikia bila kuinuka. Dada aliniuliza nimetoka wapi safari hii. Nilianza kumweleza, lakini msichana mmoja akamwita, akasema skrini yake imeandika kitu asichokielewa.

"Subiri," dada aliniambia. "Usiende mahali."

Nikavuta kiti.